Bishai Kinyozi na Ndevu za Ukutani

Bishai Ghattasi alijua kunyoa, lakini kusema alikujua zaidi. Duka lake liko ukuta kwa ukuta na langu. Mimi Zakhari napiga pasi, yeye ananyoa, na ukuta wenyewe ni mwembamba, kwa hiyo hakuna neno alilomwambia mteja ambalo mimi sikulisikia. Mji wetu ni mdogo, uko ng'ambo ya magharibi ya Naili, kusini kidogo ya Asyuti. Wakristo na Waislamu walikalia kiti kilekile na kutaniwa sawasawa. Aliwahi kumwambia Haji Mutawalli, muuza mbolea, kwamba kichwa chake kimekaa kama tikiti lililoanguka toka garini, na Haji akarudi wiki iliyofuata na shemeji yake, akaomba aambiwe tena ili shemeji asikie.

Dukani mlikuwa na viti viwili. Cha pili kilikuwa cha mwanawe, Rafaeli. Kijana huyo alikuwa na mkono mwepesi, wembe wake huusikii, na ikafika mahali wateja wakawa wanamsubiri yeye hata kiti cha baba kikiwa kitupu. Bishai hakuona wivu. Alikuwa akisimama mlangoni na chai yake, anawaambia wapita njia kwamba yeye sasa ni mwenye duka, kazi zinafanywa na fundi.

Rafaeli akaenda jeshini kama vijana wote, akapangiwa kambi ya jangwani upande wa Bahari ya Shamu. Alirudi mkimya. Alifanya kazi na baba yake kwa msimu mmoja, halafu asubuhi moja wakati wa mavuno ya ngano akafagia duka, akakunja taulo, akambusu baba yake mkono na kumwambia kwamba anakwenda kwa Anba Silwani, na kwamba hatarudi.

Anba Silwani ni monasteri iliyo ndani kabisa ya milima ya mashariki. Sisi wa mjini huenda huko kwa ziara, tunawasha mishumaa, tunakula dengu za watawa, jioni tunarudi. Mtoto wa mtu kwenda kukaa huko ni jambo lingine.

Bishai hakupiga kelele. Alisema jangwa litamchosha kijana na atarudi mwenyewe. Badala yake ikaja habari kwamba siku ya kumfanya mtawa imewadia. Siku hiyo, kwa desturi yetu, mtu hulazwa sakafuni mbele ya madhabahu, hufunikwa kitambaa, husomewa sala ileile anayosomewa maiti, kisha huinuka na jina jipya. Nargis, mama yake, alikwenda kushuhudia. Bishai alibaki akanyoa vichwa mpaka jua linazama, na jirani alipoingia kumpa hongera, alimjibu, "Hongera ya nini? Mwanangu kasomewa sala ya maiti. Nipe pole, mimi mfiwa." Jirani akacheka, maana alizoea mizaha yake. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta na pasi mkononi, nikajua kwamba hapo hakuna mzaha.

Tangu hapo akakataa kuitwa Baba Rafaeli. Na watawa wakawa ndio kitoweo cha maneno yake. Alisema Mungu aliumba wembe siku moja na ndevu siku moja, wao wakachukua nusu ya uumbaji na kuitupa. Alisema Misri nzima ikifuata mtindo wao, yeye atafunga duka akachunge mbuzi, walau mbuzi nao wana ndevu, atakuwa hajatoka kwenye fani. Watu walicheka sana. Nargis hakucheka. Kila mwaka alikwenda kwa Anba Silwani na dada yake, akarudi na kichupa cha mafuta matakatifu, mkate mdogo wa baraka, na salamu kutoka kwa Abuna Harmina, yaani Baba Harmina, maana hilo ndilo jina jipya la Rafaeli. Salamu hizo alizitoa dukani, kwa sauti, mbele ya wateja. Bishai hakuwahi kuzijibu. Lakini mkasi ulinyamaza mpaka mkewe amalize.

Miaka ikapita hivyo. Kisha Nargis akaanguka jikoni, akafanyiwa upasuaji wa nyonga, na mwaka huohuo dada yake akahamia Kairo kwa wanawe. Wiki ya sikukuu ya Anba Silwani ilipokaribia, Nargis aliingia dukani na fimbo yake. Mlikuwa na wateja watatu na mimi niliyekuja kuomba moto wa sigara.

"Mwaka huu utanipeleka wewe," akasema.

"Mimi nina kazi."

"Kazi yako nywele. Zitaota tu, hazikukimbii."

Wateja wakaangua kicheko, na Bishai, ambaye hakuzoea kuchekwa dukani kwake, akakunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena. Akasema atamfikisha langoni. Langoni tu, ndani haingii. Nargis akasema lango linatosha.

Tuliondoka alfajiri, basi zima la watu wa kanisa letu. Ulikuwa msimu wa mfungo wa kabla ya Krismasi, kwa hiyo hakuna aliyebeba nyama wala jibini. Tulikula taamia baridi, bajia zetu za maharage, na mkate wa nyumbani, wanawake wakapiga tari na kuimba habari za watakatifu. Bishai alikaa nyuma ya dereva, akamuuliza ni nani aliyemfanyia uhalifu ule kisogoni. Dereva akasema ni kaka wa mkewe. Bishai akamshauri aachane na mke. Wakaenda hivyo, wakitaniana, mpaka tulipovuka bonde na barabara ikaingia kati ya milima. Huko hakuna mti, hakuna nyumba, kuna mawe ya rangi ya ngozi ya simba yakipanda pande zote mbili. Nikaona Bishai amegeukia dirishani. Nadhani ndipo alipotambua umbali ambao mwanawe alikuwa amekwenda.

Kuta za Anba Silwani zina rangi ya mlima wenyewe, huzioni mpaka uzikaribie, kisha ghafla ziko mbele yako, ndefu kuliko minara ya misikiti yetu. Bishai akamteremsha mkewe, akamkabidhi kwangu, akakaa na dereva kwenye jua chini ya ukuta na kuagiza chai. Mimi na Nargis tukaingia taratibu, wengine wametutangulia.

Taabu ikatupata mlangoni mwa kanisa la kale. Mlango ule ni mfupi, unainama ukiingia, na kizingiti chake ni jiwe la kufika gotini, limelika katikati kwa miguu ya watu hata limekaa kama tandiko la punda. Nargis alijaribu, mguu ukakataa. Mimi ni mwembamba, nikaogopa kumwangusha. Nikarudi nje.

"Mkeo amekwama mlangoni," nikamwambia Bishai.

"Mwinue."

"Nikimwangusha utanisema mpaka nife."

Alinitazama, akatazama chai yake, akasimama. Tulipofika kizingitini akavua viatu kama wengine wote, akambeba mkewe kama mtu anavyobeba gunia la ngano ya thamani, akainama, akavuka. Akamketisha kwenye benchi la mawe, akamnyooshea gauni. Kisha akainua kichwa ili atoke, na hakutoka.

Ndani ya kanisa lile macho huchukua muda kuzoea giza. Kwanza unaona taa za mafuta, ndogo, zinaning'inia kwenye minyororo. Baadaye unaona mayai ya mbuni juu ya pazia la madhabahu. Halafu ndipo unaona kwamba hamko peke yenu. Nilipokuwa mtoto kuta zile zilikuwa nyeusi tii kwa moshi wa mishumaa na ubani wa karne nyingi, tukidhani ndiyo rangi yake. Miaka ya karibuni wakaja mafundi, wakasafisha kwa pamba, kipande kwa kipande, na chini ya masizi wakatoka watu. Mababa wa jangwani, waliochorwa zaidi ya miaka mia saba iliyopita, wamesimama wamepangana ukutani, wakubwa kuliko sisi, macho wazi, wanakutazama. Mimi kila nikienda huyatazama yale macho. Nadhani kila mtu hufanya hivyo.

Bishai alitazama ndevu.

Alianza na baba wa kwanza karibu na mlango, akasogea kwa wa pili, akarudi kwa wa kwanza. Akaniita kwa kidole. Akanionyesha, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, kwamba yule wa kwanza ndevu zake zimegawanyika mara mbili na mchoraji amezipitishia kichana, mistari inaonekana. Wa pili zimejikunja kama sufi ya mwanakondoo. Wa tatu ni mzee sana lakini mashavuni hakuota kitu, ana chache tu kidevuni, na watu wa aina hiyo wapo, Haji Mutawalli ni vilevile. Akaenda hivyo, nyuma ya nguzo, mbele ya nguzo, mpaka akafika kwa Abu Nofer, yule aliyeishi jangwani bila nguo na ndevu zake zikamfunika mpaka magotini. Hapo akasimama. Akainua kiganja, akakisogeza karibu na ukuta, asiuguse.

"Hakuna wawili walio sawa," akasema. "Yule bwana aliyechora alimketisha kila mmoja kitini."

Nimeingia kanisani mle tangu utotoni na sijawahi kuliona hilo.

Kengele ikalia. Watawa wakaingia kwa sala ya mchana, wakajipanga safu mbili zinazotazamana, wakaanza kuimba kwa lugha ya mababu zetu, ile ambayo sisi tumebaki nayo maneno machache tu kama vyombo vilivyosalia baada ya nyumba kuungua. Safu moja huimba mstari, nyingine huupokea kabla haujaisha, na kuba iliyo juu huushika kidogo kabla ya kuuachia. Hawaimbi kwa nguvu. Lakini unausikia wimbo miguuni, kwenye mawe, kwa kuwa uko peku. Yale maneno yameimbwa mle kila siku tangu zile picha zikiwa mbichi, na kabla yake.

Nikamwona Bishai anawatazama mmoja mmoja. Mjini kwetu alimjua kila mtu kwa kisogo. Ungeweza kumfumba macho akakutaja jina kwa kupapasa kichwa chako. Lakini watawa wetu huvaa kofia ya kitambaa cheusi yenye misalaba iliyotariziwa, inafunika kichwa chote hadi shingoni, na kilichobaki ni ndevu na macho yaliyoinamishwa. Moshi wa ubani ulikuwa umetanda. Safu ya chini ilisimama mbele ya safu ya ukutani, ndevu chini ya ndevu, na kwa kweli ilikuwa vigumu kusema wapi wachorwa wanaishia na wapi wazima wanaanzia. Bishai akanishika mkono wa shati.

"Ni yupi?" akauliza.

Sikujua. Nargis alikuwa amefumba macho, midomo inacheza.

"Zakhari, mwanangu ni yupi?"

Nikamwambia asubiri sala iishe. Akaegemea nguzo. Hakukaa, hakutoka, na machozi yalipomjia hakuyafuta. Sidhani kama alijua anayo.

Sala ilipokwisha mtawa anayepokea wageni alikuja kumsalimu Nargis, wanajuana. Nargis akamwambia, "Abuna, huyu ndiye mume wangu." Yule mtawa akamtazama Bishai, hakuonyesha kushangaa, akampa mkono. Akaeleza kwamba Abuna Harmina hakuwamo kwenye sala. Yuko chumbani kwa Abuna Filimon, mzee kuliko wote pale, ambaye hainuki tena kitandani. Harmina ndiye anayemwogesha na kumlisha, ila juzijuzi aliteleza akitengeneza paa, akavunjika mkono wa kulia, sasa una plasta. Na mzee ana vidonda kichwani. Daktari ameacha dawa, lakini nywele zimesokotana hata dawa haifiki kwenye ngozi. Ndugu wawili wamejaribu kuzikata na kila mmoja amemuumiza. Akasita kidogo, kisha akauliza kama Bishai amekuja na mkasi.

Bishai aligusa mfuko wa koti. Hajawahi kutoka nyumbani bila mkasi na kichana, hata mazikoni.

Vyumbani kwa watawa wanawake hawafiki. Bishai akamgeukia mkewe kana kwamba anaomba ruhusa. Nargis akamsukuma kwa ncha ya fimbo. "Nenda. Nimekusubiri miaka yote hii, leo ndiyo itanishinda?"

Nikaambiwa niende naye kusaidia maji. Tulipita kichochoro chembamba kati ya kuta za udongo, tukapita mitende, tukapita chemchemi inayotoka ndani ya mwamba na kuingia kwenye birika la mawe. Bishai alisimama pale akasikiliza maji kidogo, kama mtu anayevuta muda. Mlango ulikuwa wazi.

Mtu aliyeinuka toka kando ya kitanda alikuwa mwembamba, ndevu zimeshuka kifuani na ndani yake mna mvi. Plasta yake ilikuwa imechafuka kwa supu. Walitazamana. Mimi nilikuwa nyuma, sikuuona uso wa Bishai, nikauona wa mwanawe, na sitausahau.

"Karibu, baba," akasema.

"Maji ya moto yapo?" Bishai akajibu.

Yalikuwapo. Basi wakafanya kazi. Mtoto alishika kichwa cha mzee kwa mkono wake mzima, baba akapita na mkasi, nywele kwa nywele, akilowesha, akilainisha, akikata kwa chini. Na niliona jambo ambalo mimi peke yangu ningeweza kuliona, kwa kuwa niliishi karibu nao: kila Bishai alipotaka kichwa kigeuke, kilikuwa kimeshageuka. Kila alipotaka taulo, taulo lilikuwa pale. Kama vile kile kiti cha pili hakikuwahi kukaa kitupu.

Mzee Filimon alikuwa mwepesi kama ndege, na macho yake yameshafifia. Aliingia mle akiwa kijana na hajatoka tena. Bishai alipoanza kumpaka dawa, mzee akaushika mkono wake.

"Wewe ndiye baba yake?"

"Ndiye mimi, Abuna."

"Basi nisamehe. Miaka yote hii mimi nimekuwa na mwanao, na wewe huna."

Bishai, ambaye hakuwahi kukosa jibu, kwa padri, kwa polisi, kwa kadhi, akajifuta dawa kidoleni. Kisha akainama, akambusu mzee utosini, pale alipopasafisha kwa mkono wake.

Alipoinuka akamwonyesha mwanawe kibao cha mbao kilichokuwa karibu na dirisha. "Kaa."

Harmina akamtazama mzee wake. Kofia ile hawaivui ovyo. Filimon akanyanyua kidole kimoja, maana yake ruhusa. Harmina akakaa, akaivua, na Bishai akamzunguka nyuma. Akaona kisogo alichokuwa anakitafuta kanisani, akaona na kovu dogo lililo juu ya sikio, alipomkata yeye mwenyewe mwanawe akiwa mdogo asiyetulia kitini. Akapunguza nywele za shingoni. Akaja mbele, akazishika zile ndevu, akazipima kwa mkono.

"Sikati," akasema. "Nachana tu."

Akazichana, pole sana, kuanzia chini kwenda juu ili zisivutike, akazigawa katikati, akarudi nyuma hatua moja na kutazama kazi yake kwa kichwa kilichoinama upande, kama alivyomtazama Abu Nofer ukutani.

Baadaye Harmina alitoka nasi mpaka ukumbi wa wageni, akakaa na mama yake, na Nargis akamgombeza kwa habari ya mkono ambayo hakuambiwa. Huku nje dereva alikuwa akipiga honi na watu wamenuna. Ndani ya basi walidhani Bishai ataanza maneno yake. Alikaa karibu na mkewe, akatazama milima mpaka giza likaificha.

Abuna Filimon alifariki kabla ya Pasaka. Walimletea Bishai habari, naye akafunga duka siku nzima, jambo ambalo hakulifanya hata mama yake alipokufa. Siku hizi huenda kwa Anba Silwani mara kwa mara, na mfuko wa mikasi na mashine, anawahudumia wazee na wagonjwa wa kule. Ulimi haujapona. Anawaambia watawa kwamba yeye ndiye mtenda dhambi pekee anayeruhusiwa kuwashika masikio. Kiti cha pili amekirudisha kazini, amemweka kijana wa binamu yake, na anamlalamikia kutwa.

Msimu wa joto uliopita tulikwenda mimi, Bishai na Nargis, na Haji Mutawalli akafuatana nasi kwa kuwa alichoka kuambiwa kwamba ndevu zake zimechorwa kanisani. Akaonyeshwa. Akakubali kwamba ni zake. Kisha Harmina akatupeleka kwenye kijichumba cha pembeni ambako mafundi wameanza kusafisha sehemu mpya. Ukuta bado mweusi, isipokuwa pale kati, upana wa sinia, ambapo bega lilikuwa limetoka, na sikio, na mwanzo wa shavu. Uso haujatoka bado. Haji akauliza ni nani yule. Harmina akasema hawajui bado.

Bishai alisogea mpaka pumzi yake ikagusa ukuta. Sisi wengine tulitazama, tukachoka, tukatoka kwenda kunywa chai. Yeye tulimwacha pale, mikono nyuma, anangoja.